Watakatifu ku uwanja wa mupira: juu ya nini Lubumbashi haikufanana na Glasgow

1. Majina ambayo mapadri walituachia

Ukiuliza mutoto wa Lubumbashi ekipe yake ni gani, hatakawia kujibu: ni Mazembe, ao ni Lupopo. Lakini ukimuuliza hizo ekipe ziliitwa namna gani zamani, wengi watanyamaza. Wazee njo wanajua. Mazembe ilizaliwa mwaka wa 1939 kwa jina la Saint-Georges. Mwaka wa 1944 ikageuka Saint-Paul. Lupopo nayo, iliyozaliwa mwaka uleule wa 1939, ilipewa jina la Saint-Éloi, na jina lile halikutoka: mpaka leo inaandikwa FC Saint-Éloi Lupopo. Watakatifu watatu mu muji mumoja, na wote wanakimbiza mupira.

Ku Kinshasa ilikuwa vilevile. Padri Raphaël de la Kethulle, wa shirika la Scheut, ambaye watu walimuita Tata Raphaël, alifundisha vijana wengi muchezo na kujengesha viwanja. Uwanja mumoja unabeba jina lake, na njo kule Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi mwaka wa 1974. Ekipe ya Daring, iliyoanzishwa mwaka wa 1936 na ambayo leo ni Daring Club Motema Pembe, ilitoka mu mikono yake.

Basi Kanisa lilikuwa mama wa mupira wetu. Lakini kuna inchi ambako Kanisa lilizaa ekipe, na ile ekipe ikageuka ukuta kati ya watu wa dini hii na watu wa dini ile. Mutu alijulikana dini yake kwa rangi ya jezi. Kwetu, hakuna anayesimama ku mulango wa uwanja na kuuliza kama wewe ni Mukatoliki, Mumetodisti, Mukimbanguisti, Muislamu ao mutu wa kanisa la uamsho. Mu kundi la wasuporta wa Mazembe wako wote, na mu kundi la Lupopo wako wote.

Juu ya nini? Wengine watajibu haraka: ni kwa sababu sisi Wakongomani ni watu wa amani. Jibu hilo ni tamu, lakini si kweli. Ili tupate jibu la kweli inafaa tuangalie kwanza namna mupira uliingia kwetu. Kiisha tuende mbali, ku muji wa Glasgow, mu inchi ya Uskoti, fasi ambako ugomvi wa dini na mupira ulikomaa kupita yote. Na mwisho turudi kwetu kujipima.

2. Mupira, kazi na misa

Muji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianza mwaka wa 1910, wakati reli ilipofika kutoka Rodezia. Union Minière ilihitaji mikono ya kazi. Ililetesha watu toka Kasai, toka Rwanda na Burundi, toka Rodezia, toka vijiji vya Katanga yenyewe. Watu hao walikutana mu kambi bila kuwa na luga moja wala desturi moja. Kiswahili chetu kilikomalia pale.

Mu maisha ya kambi kulikuwa wakubwa watatu: Bula Matari, yaani serkali; kampuni; na misioni. Mu Katanga misioni ilikuwa zaidi ya Wabenediktini. Kampuni iliwapa masomo ya watoto wa kambi, nao walifundisha watoto kusoma, kusali na kutii. Siku ya kazi ilikuwa na ngoja ya kampuni. Siku ya Mungu ilikuwa na kengele ya misa. Ilibaki saa ya kiisha misa, ambayo iliogopesha wakubwa wote watatu. Saa ile mutu angeweza kwenda ku pombe, ao ku Kitawala, dini iliyotoka upande wa Rodezia na ambayo serkali iliikataza, ao ku mukutano wa kusema mambo ya mushahara. Mupira ulikuja kujaza saa ile.

Njo vile, mwaka wa 1939, Wabenediktini waliokuwa wakiongoza masomo ya Saint-Boniface walianzisha ekipe kwa ajili ya vijana wasiokuwa na nia ya kuwa mapadri. Walikuwa vijana wa skuti, na mutakatifu wa skuti ni Georges; ekipe ikapewa jina lake. Saint-Éloi nayo ni mutakatifu wa wafua chuma na watu wa mashini. Jina hilo lilifaa sana ekipe ya watu wa shemindefere, na mpaka leo wasuporta wa Lupopo wanaitwa «Cheminots».

Lakini uwanja wa mupira ulionekana mapema kuwa na kazi ingine. Mu mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa sababu mishahara yao ilikuwa midogo wakati vita ilipandisha bei ya vitu. Mu Élisabethville walikusanyika ku uwanja wa mupira. Musemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi. Gavana Maron alifika na askari, na askari walipiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na Mpoyi pamoja nao. Tukumbuke neno moja: wale waliokufa hawakuwa wa dini moja wala wa kabila moja. Siku ile muzungu mwenye bunduki alisimama upande mumoja, na mufanyakazi mweusi upande wa pili. Mustari uliokata maisha ya muji ulikuwa wa rangi ya ngozi na wa kazi. Tutarudi ku neno hilo.

3. Frère Walfrid na watoto wenye njaa

Sasa tuende Glasgow. Uskoti ni inchi iliyoacha Kanisa la Roma tangu mwaka wa 1560 na kushika Uprotestanti kwa nguvu. Jirani yake Ayalandi ilibaki na Wakatoliki wengi. Tangu mwaka wa 1845 ugonjwa uliharibu viazi vya Ayalandi, na viazi njo vilikuwa chakula cha masikini. Karibu watu milioni 1 walikufa na wengine wengi walikimbia inchi. Maelfu walivuka maji mpaka Glasgow, muji wa viwanda na meli. Walifika bila kitu, walikubali mishahara ya chini, na walikuwa Wakatoliki. Mu safari hiyo walikuja pia Waprotestanti wa Ayalandi ya kaskazini, na wao walileta chama cha Orange, ambacho kila mwaka kinatembea mu barabara na ngoma kukumbuka ushindi wa mufalme Muprotestanti juu ya Wakatoliki.

Mu kartie za mashariki za Glasgow watoto wa Waayalandi walilala na njaa. Frère Walfrid, wa shirika la Wamaristi (shirika ambalo lilikuja kufundisha mu Kongo pia), alikuwa na masomo kule. Alitafuta namna ya kulisha watoto, tena aliogopa kama watakwenda kula kwa Waprotestanti watapoteza dini. Aliangalia mufano wa muji wa Edinburgh, ambako padri wa Waayalandi, Edward Hannan, alikuwa amesaidia kuanzisha ekipe ya Hibernian mwaka wa 1875. Mwezi wa Novemba 1887, mu chumba cha parokia ya Saint Mary, ekipe ya Celtic ilizaliwa. Pesa za mulango zilipaswa kununua chakula cha watoto.

Muchezo wa kwanza wa Celtic ulikuwa mwezi wa Mei 1888. Walicheza na Rangers, ekipe ya vijana wa Glasgow iliyoanza mwaka wa 1872 bila neno lolote la dini. Celtic ilishinda 5 kwa 2. Kiisha muchezo ekipe zote mbili zilikwenda pamoja mu chumba cha parokia, zikala na kuimba.

Basi mwanzo haukuwa na chuki. Na Frère Walfrid hakukaa: mwaka wa 1892 wakubwa wa shirika walimutuma London, na mwaka wa 1897 Celtic ikageuka kampuni ya biashara. Wale wanaosema kwamba padri mwenye kuanzisha ekipe njo anapanda ugomvi wa dini, waangalie hapo. Padri ao frère anaweza kuondoka, na ukuta ukajengwa nyuma yake.

4. «Ulisomea wapi?»

Nani alijenga ukuta? Tuangalie kazi. Glasgow ilikuwa muji wa kutengeneza meli na mashini. Fundi mwenye kazi nzuri aliingiza mutoto wake, ndugu yake, mutu wa kanisa lake. Mu viwanda vingi mukubwa wa kazi alikuwa Muprotestanti, na Mukatoliki alipewa kazi ya kubeba na ya kuchimba. Mutu alipoomba kazi hakuulizwa dini yake kwa wazi. Aliulizwa: «Ulisomea wapi?» Kama masomo yake yalikuwa na jina la mutakatifu, mambo yamekwisha. Sheria ya mwaka wa 1918 iliingiza masomo ya Wakatoliki ndani ya masomo ya serkali na kuyaachia dini yao. Ilikuwa haki kubwa kwa Wakatoliki, lakini watoto waliendelea kusoma mbalimbali, na lile swali likabaki na nguvu.

Mwaka wa 1912 kampuni ya meli ya Harland and Wolff, ya Belfast, ilifungua kazi ku Govan, karibu na uwanja wa Rangers. Wafanyakazi Waprotestanti wa Ayalandi ya kaskazini walikuja na ugomvi wa kwao, na wanahistoria wengi wanaona kwamba pale Rangers ilianza kufungwa kabisa. Kiisha vita ya kwanza ya dunia kazi zilipungua. Mwaka wa 1923 Kanisa la Uskoti lenyewe lilipokea ripoti iliyosema kwamba Waayalandi ni hatari kwa taifa. Ilichukua mpaka mwaka wa 2002 kwa Kanisa lile kusema wazi kwamba linajuta maneno yale.

Wakati uleule Rangers ilishika desturi ambayo haikuandikwa fasi yoyote: hakuna Mukatoliki anayejulikana kuwa Mukatoliki atavaa jezi yake. Desturi hiyo ilidumu karibu miaka 70. Celtic haikufanya hivyo; Waprotestanti wengi walicheza mule. Lakini wasuporta wa pande mbili walikwisha kugawana dunia: hawa kijani na bendera ya Ayalandi, wale bluu na bendera ya Uingereza, hawa nyimbo za kupigania Ayalandi, wale nyimbo za kusifu kumwaga damu ya Wakatoliki.

Na pesa? Tangu mwaka wa 1904 hivi watu walizipa ekipe hizo mbili jina la «Old Firm», kwa maana ya kampuni ya zamani yenye wakubwa wawili. Gazeti lilikuwa linacheka: hawa wanaochukiana wanatajirishana. Kila muchezo kati yao ulijaza uwanja. Mwaka wa 1909, ku fainali ya kombe la Uskoti, watu walidhani kwamba wanachezewa ili walipe mulango mara ya tatu. Wasuporta wa Celtic na wa Rangers waliingia uwanjani pamoja, wakavunja na kuchoma. Siku ile waliona adui mumoja. Kesho yake kila mutu alirudi ku kartie yake.

5. Mwaka wa 1967, na mambo yaliyofuata

Kuna mwaka mumoja ambao unapaswa kutuchekesha sisi watu wa Lubumbashi. Tarehe 25 Mei 1967, mu Lisbon, Celtic ilipiga Inter Milan 2 kwa 1 na kuchukua kombe la Ulaya. Wachezaji wake wote walikuwa wamezaliwa karibu na uwanja wao, hakuna aliyetoka mbali kupita kilometa 50 hivi. Mufundishaji wao, Jock Stein, alikuwa Muprotestanti. Mwaka uleule Englebert yetu, ekipe ya Wabenediktini wa zamani, ilichukua kombe la Afrika mbele ya Asante Kotoko ya Ghana, na mwaka wa 1968 ikalichukua tena mbele ya Étoile Filante ya Togo. Ekipe mbili zilizozaliwa mu mikono ya watumishi wa Kanisa zilitawala Ulaya na Afrika mwaka mumoja. (Inter hiyohiyo ilikuja kutukata sisi 3 kwa 0 ku Abu Dhabi mwaka wa 2010, wakati Mazembe ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la klabu.)

Ushindi wa Stein haukuvunja ukuta. Mwaka wa 1980, kiisha fainali ya kombe, wasuporta walipigana katikati ya uwanja, na serkali ikakataza pombe mu viwanja vya Uskoti. Mwezi wa Julai 1989 mufundishaji wa Rangers, Graeme Souness, alinunua Mo Johnston, Mukatoliki aliyekuwa amekwisha kucheza Celtic. Wasuporta wamoja wa Rangers walichoma vitambaa vyao vya shingo mbele ya uwanja, na wa Celtic walimuita Yuda. Lakini alifunga mabao, na Wakatoliki wengine walifuata. Leo hakuna mutu anayehesabu tena.

Chuki haikuisha na desturi hiyo. Mwaka wa 1995 kijana wa miaka 16, musuporta wa Celtic, aliuawa mu barabara wakati alipokuwa anarudi nyumbani toka ku muchezo. Mwaka wa 1999 chama cha Nil by Mouth kilianzishwa kwa sababu ya kifo hicho, kinazunguka mu masomo kufundisha watoto. Muchezaji Neil Lennon, Mukatoliki wa Ayalandi ya kaskazini, aliacha ekipe ya taifa lake mwaka wa 2002 kwa sababu walisema watamuua. Mwaka wa 2011, akiwa mufundishaji wa Celtic, walimutumia bomu ku posta. Bunge la Uskoti lilifanya sheria ya nyimbo na matusi ya mupira mwaka wa 2012, kiisha likaifuta mwaka wa 2018, kwa kuwa wengi waliona haileti haki.

Na neno la kushangaza ni hili: viwanda vya meli karibu vyote vimefungwa, Wakatoliki na Waprotestanti wanaoana, Mukatoliki anapata kazi sawa na mwingine, na wengi wanaoimba nyimbo zile hawaingii tena kanisani. Dini imepoa mu moyo, lakini wimbo umebaki mu kinywa. Mutoto anaurizi kama vile anarizi jina la babu.

6. Basi juu ya nini kwetu haikukuwa hivyo?

Turudi Lubumbashi. Mbegu ilikuwa ileile: misioni, masikini, viwanda, mupira. Lakini mambo ine yalitofautisha.

La kwanza, mama alikuwa mumoja. Saint-Georges na Saint-Éloi zote mbili zilibeba majina ya Kanisa moja. Mutu hawezi kupigana na Saint-Éloi kwa jina la Saint-Paul. Wote wanasomwa mu misa moja.

La pili, wasio Wakatoliki walizuizwa ku mulango mwingine, mbele ya kufika ku uwanja. Kulikuwa Wametodisti toka Marekani, na makanisa mengine. Lakini mpaka kiisha vita ya pili ya dunia, serkali ya Ubelgiji ilisaidia kwa pesa masomo ya misioni za Wakatoliki, na za Waprotestanti ziliachwa zijitafutie. Waliofuata manabii Waafrika walipata mabaya zaidi. Simon Kimbangu, aliyefungwa mwaka wa 1921, aliletwa mpaka Élisabethville na kubaki mu gereza ya muji huu mpaka alipokufa, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka ile watu walipopiga kelele ku uwanja wa Saint-Paul, yeye alikuwa ndani ya kuta, upande mwingine wa muji. Tusiseme basi kwamba hapakuwa ubaguzi wa dini mu Kongo. Ulikuwepo, na ulikuwa mukali, lakini ulifanywa na serkali, si na wasuporta. Yule aliyebaguliwa hakupewa nafasi ya kuwa na ekipe yake kubwa.

La tatu, ekipe ilitoka haraka mu mikono ya mapadri ikaingia mu mikono ya kazi. Wamisionari waliacha uongozi wa Saint-Paul, na ekipe ikachukua jina la Englebert, yaani jina la kampuni ya mipira ya motokari. Mwaka wa 1966 ilishinda michezo bila kupigwa hata mara moja, ikajiita Tout Puissant. Jina la Mwenyezi likakaa kando ya jina la pneu, na hakuna padri aliyeweza kukataza! Kiisha, mu siku za authenticité, Englebert ikawa Mazembe.

La ine, wazungu wenyewe walikuwa na ugomvi wao, lakini ulifika kwetu kwa kuchelewa. Kwao Ubelgiji, Wakatoliki na waliberali waligawana vyama, magazeti, masomo, mpaka mupira. Mu muji wa Bruges, Cercle ilizaliwa mwaka wa 1899 kati ya wanafunzi wa zamani wa masomo ya mafrère Wakatoliki, na jirani yake Club ilijulikana kuwa ya watu wa upande wa waliberali. Mwaka wa 1954 waziri Buisseret alifungua mu Kongo masomo ya serkali yasiyokuwa ya mapadri, na wazungu wakaanza kugombana mbele yetu. Lakini uhuru ulikuja mwaka wa 1960. Ugomvi ule haukupata wakati wa kushuka mpaka ku wasuporta.

Na juu ya yote, Mwafrika wa kambi alijua nani anamukandamiza. Si Mukatoliki mwenzake wala Mumetodisti. Uwanja wa 1941 ulikwisha kumuonyesha.

7. «Weye uko wa wapi?»

Ingekuwa vizuri kumaliza hapo. Lakini musomaji wa Katanga anajua kwamba haiwezekani.

Tukumbuke lile swali la Glasgow: «Ulisomea wapi?» Halikuwa swali la dini hasa. Lilikuwa swali la kugawa kazi, na dini ilikuwa alama ya kutambua nani ni mugeni. Sisi tulikuwa na swali letu: «Weye uko wa wapi?» Kampuni ilileta watu wa Kasai kwa kazi, wengi wao wakapata masomo na kazi za ofisi. Mwaka wa 1957, ku uchaguzi wa komuni, wakubwa Waafrika waliochaguliwa mu Élisabethville wengi walitoka inje ya Katanga. Mwaka wa 1958 chama cha Conakat kilizaliwa kati ya wale waliojiita wenye inchi.

Ugomvi huo ulilala, ukaamushwa na siasa. Mwezi wa Agosti 1992, wakati Étienne Tshisekedi alipochaguliwa waziri wa kwanza na kuchukua nafasi ya Nguz, watu wenye asili ya Kasai walianza kupigwa mu Lubumbashi, kiisha Likasi, kiisha mwaka wa 1993 Kolwezi. Waliitwa «bilulu», wadudu. Maelfu na maelfu walilala siku nyingi ku gare wakingojea treni za kuwapeleka inchi ambayo wengi hawakuiona hata siku moja. Wengi, zaidi watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa. Anayefukuza na anayefukuzwa walikuwa wamebatizwa mu parokia moja. Siku ya mungo walipokea ukaristia mu mukono wa padri mumoja; na mwaka uliopita walipiga kelele kwa bao lilelile la Mazembe ao la Lupopo.

Njo maana nasema jibu halitufurahishi lote. Dini moja haikutuokoa. Jezi moja haikutuokoa. Glasgow ilichukua dini kuwa alama ya mugeni. Sisi tulichukua fasi ya kuzaliwa kwa babu. Alama ni mbalimbali, kazi yake ni moja.

Na viwanja vyetu havikukosa damu. Mwezi wa Septemba 2008, mu Butembo, kipa alishukiwa kufanya dawa ya uchawi katikati ya muchezo. Fujo ikaanza, polisi wakatupa gazi ya machozi, na watu 13, wengi wao vijana, walikufa kwa kukanyagana. Tarehe 11 Mei 2014, ku uwanja wa Tata Raphaël, muchezo wa Vita na Mazembe uliacha wafu 15. Pale hakuna aliyegombania Papa wala Biblia. Lakini imani kwamba mwenzangu ananiroga, ao kwamba watu wa muji ule wanatudharau sisi wa muji huu, inaweza kubeba watu sawa na dini.

8. Neno kwa vijana wasuporta

Desturi yetu ina dawa ambayo Glasgow ilikuwa nayo mwaka wa 1888 ikaipoteza: kutukanana kwa muchezo na kukaa chakula kimoja. Mu nyumba nyingi za Kamalondo, Kenya ao Katuba, baba ni wa Lupopo na mutoto ni wa Mazembe. Siku ya derby wanachekana mpaka jirani anasikia. Kesho yake, kukiwa kilio mu kartie, wote wanakaa ku moto mumoja na kuchanga ile pesa kidogo. Kuchekana huko ni kuzuri wakati kunabaki ku mupira: bao, kipa, muchezaji mutoro.

Kubaya kunaanza wakati wimbo unataja kitu ambacho mutu hawezi kubadilisha ao kuacha: kabila lake, kijiji cha babu yake, kanisa lake, eti dawa ya mama yake. Mutu anaweza kupigwa 3 kwa 0 na kurudi siku ya Mungu inayokuja. Lakini aliyeambiwa ku uwanja kwamba si wa hapa, atarudi namna gani?

Leo kuna wakubwa wa siasa wanaopenda kukaa mbele ku tribune, na wachungaji wanaopenda kuombea ekipe ili jina la kanisa lao lisikike. Hatuwezi kuwakataza. Tunaweza paka kukumbuka kwamba wale vijana wa Saint-Georges wa 1939 walipewa jezi na mapadri, kampuni ikawapa jina, siasa ikalibadilisha, na wasuporta njo waliibeba mpaka leo. Wimbo gani utaimbwa ku derby inayokuja, wao njo watachagua.